Vivuli Vilipoanza Kusema

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Yafaa neno hilo liongezwe jingine: masikio nayo hayana mlango. Mtu akikaa mbele ya picha ya sinema, yale ayaonayo na yale ayasikiayo humwingia bila kubisha hodi, na mengine hukaa ndani yake miaka mingi kabla hajatambua kwamba amepata mgeni. Kwa sababu hiyo si kazi bure kuchungua habari za sinema za kale, hasa zile zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya mwanzo ya picha zisemazo, yaani tangu 1927 hata karibu na vita vya 1939.

Katika mtaa wa Lucky Summer, ulio upande wa mashariki ya Nairobi, jirani na viwanda vya Baba Dogo na makazi ya Korogocho, vijana hawana habari nyingi za picha hizo. Vibanda vya video katika mitaa ya namna hiyo huonyesha mapigano ya Uchina, ya Uhindi na ya Marekani ya siku hizi. Mara nyingi juu ya sauti za wachezaji husikika sauti ya msimulizi aelezaye mchezo kwa Kiswahili cha Nairobi, kazi iliyompa DJ Afro sifa katika Kenya nzima. Picha isiyo na rangi ikitokea kwa bahati, watazamaji hucheka na kutaka ibadilishwe. Huidharau kama mtu adharauvyo sanduku kuukuu, asijue kwamba ndani yake mna hati ya shamba la babu yake.

Hati hiyo imo kweli. Katika picha za zamani zile, nchi ya Afrika Mashariki ilipigwa picha, mito yake ikaonyeshwa, watu wake wakatembezwa mbele ya ulimwengu, na lugha yake ikasikizwa. Ni nani aliyesimulia habari hizo, na alizisimulia kwa faida ya nani? Hilo ndilo jambo la kupimwa.

Kwanza sharti ieleweke jinsi picha zilivyopata sauti. Zamani sinema ilikuwa bubu. Mchezaji alifungua kinywa pasipo kusikika neno, kisha maandishi yakatokea juu ya pazia kueleza alilosema, na mpiga piano alikaa pembeni akiburudisha watu. Mnamo tarehe 6 Oktoba 1927, kampuni ya Warner Brothers ilionyesha mjini New York picha iitwayo The Jazz Singer. Sehemu kubwa ya picha hiyo bado ilikuwa bubu, lakini ndani yake mlikuwa na nyimbo na maneno machache yaliyosikika waziwazi, na watu walishangilia sana. Sauti ile ilitoka katika sahani kubwa za santuri zilizozungushwa sawasawa na mtambo wa picha. Sahani ikiteleza kidogo tu, mchezaji alifunga kinywa na sauti yake ikaja nyuma yake, kama mtu aliyesahau mzigo njiani.

Njia nyingine ikaishinda ile ya sahani. Sauti iligeuzwa kuwa umeme, umeme ukageuzwa kuwa mwanga, na mwanga ule ukapigwa picha kama mstari mwembamba ukingoni mwa ukanda wenyewe. Ukanda ulipopita ndani ya mtambo wa kuonyeshea, taa iliangaza mstari ule, mwanga ukawa umeme tena, na umeme ukawa sauti katika kipaza sauti. Tangu hapo picha na neno vilisafiri pamoja katika ukanda mmoja, wala havikuweza kuachana.

Mwanzoni kazi ilikuwa ngumu. Kamera za siku zile zilivuma kama cherehani, kwa hiyo zilifungiwa katika chumba kidogo chenye kioo, na mpiga picha akakaa humo akitoka jasho. Vinasa sauti vilifichwa ndani ya vyungu vya maua au nyuma ya pazia, na wachezaji wakalazimika kusimama karibu navyo. Ndiyo sababu katika picha nyingi za 1929 watu husimama pamoja kama waliokwama. Baada ya miaka michache mafundi walizifunika kamera zisivume na kutundika vinasa sauti juu ya vichwa vya wachezaji, na picha ikapata uhuru wa kutembea tena.

Lakini pamoja na faida hiyo palikuwa na hasara. Picha bubu ilikuwa mali ya kila taifa. Ilitosha kubadili yale maandishi tu, na watu wa Paris, Bombay au Mombasa waliifahamu. Picha ilipoanza kusema, ilisema Kiingereza, na yule asiyejua Kiingereza akaachwa nje ya mlango ingawa amelipa kiingilio. Kwa hiyo msimulizi wa kibanda cha Lucky Summer, ambaye wengine humwona kama mpiga kelele tu, anatibu jeraha lililofunguliwa mwaka 1927. Anawarudishia watu wake kile walichonyang'anywa siku vivuli vilipoanza kusema.

Sasa itazamwe picha moja iliyohusu sana nchi hizi. Jina lake ni Trader Horn, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Asili yake ni kitabu kilichotoka mwaka 1927, ambamo mwandishi Ethelreda Lewis wa Johannesburg aliandika mazungumzo yake na mzee mchuuzi aliyejiita Alfred Aloysius Horn. Mzee huyo alikuwa amefanya biashara katika ujana wake kwenye mto wa Ogooué, katika nchi ambayo leo ni Gabon, upande wa magharibi wa bara hili. Hata hivyo kampuni haikupeleka watu wake huko. Mwaka 1929 mwongozaji W. S. Van Dyke aliwaleta wachezaji na mafundi wake Afrika Mashariki, wakafanya kazi kwa miezi mingi katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Walifika hata maporomoko ya Murchison katika mto Nile. Hivyo hadithi ya Gabon ikavishwa mavazi ya Uganda na Kenya, na watazamaji wa ng'ambo hawakujua tofauti, maana kwao Afrika yote ilikuwa kijiji kimoja.

Mchezo wenyewe wasimulia habari za mchuuzi Horn na kijana aitwaye Peru, wanaomtafuta binti wa mwanamke mmisionari aliyepotea akiwa mtoto mchanga. Wanamkuta amekuwa mtu mzima, naye ndiye anayetawala kabila la watu weusi kama mungu wao. Horn alichezwa na Harry Carey, Peru na Duncan Renaldo, na yule binti na Edwina Booth. Mbeba bunduki wa Horn, mtu mwaminifu aitwaye Renchero, alichezwa na Mwafrika wa Afrika Mashariki, jina lake Mutia Omoolu.

Msafara huo haukuwa wa raha. Homa ya malaria iliwashika wengi, na jua liliwatesa. Edwina Booth aliugua, na aliporudi kwao akaishitaki kampuni akidai zaidi ya dola milioni moja. Shauri hilo lilimalizika kwa mapatano, lakini hakupata tena nafasi ya kuwa mchezaji mkubwa. Zaidi ya hayo, safari ilifanyika wakati uleule sinema ilipokuwa ikigeuka kutoka bubu kuwa yenye sauti. Sehemu nyingi za mazungumzo zilizopigwa porini hazikufaa, na ikabidi zirudiwe Hollywood. Kwa ajili ya kazi hiyo Mutia Omoolu alivushwa bahari akapelekwa Marekani. Mapigano mengine ya wanyama yalipigwa picha Mexico. Basi yule mtazamaji aliyedhani anaiona Afrika tupu alikuwa akiona mchanganyiko wa Uganda, Kenya, Mexico na uwanja wa kampuni huko California.

Picha ilitoka mwaka 1931, ikapendwa sana, ikawa miongoni mwa tano zilizoshindania tuzo ya Academy ya picha bora ya mwaka. Ilishindwa na picha iitwayo Cimarron.

Yafaa msomaji asimame kidogo hapa na kumfikiri Mutia Omoolu. Jina lake liliandikwa pamoja na majina ya wachezaji wakubwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Uso wake ulionekana katika miji ambayo hakuijua. Waliomtazama walikubali kwamba anasimama mbele ya kamera kwa utulivu na heshima, na wala hachezi kama mtu wa kuchekwa. Lakini mchezo haukumpa nyumba, wala mke, wala shauri lake mwenyewe. Katika hadithi ile kazi ya Renchero ni kubeba bunduki ya bwana wake, kumtii, na mwishowe kufa kwa ajili yake. Vijana wengi wa Nairobi waweza kutaja majina ya wachezaji kumi wa Marekani bila kusita, na katika mia yao hutapata watatu wamjuao Mutia.

Tena kuna jambo la lugha. Katika picha ile Kiswahili chasikika. Kwa mtazamaji wa Chicago wa mwaka 1931, maneno yale yalikuwa kama mlio wa maji au wa ndege, sauti ya kupamba msitu. Kwa mtu wa Lucky Summer ni maneno ya mama muuza mboga, ya makanga wa matatu, ya mwalimu darasani. Pahali ambapo Mmarekani alisikia kelele, yeye asikia mtu anasema. Kwa hiyo mtazamaji wa Nairobi anayo nafasi ambayo hata mwongozaji mwenyewe hakuwa nayo, maana aweza kuisikiliza picha ile kutoka upande wa pili wa pazia.

Mwaka 1932 Van Dyke huyohuyo alitengeneza picha ya Tarzan the Ape Man, ambamo Johnny Weissmuller alikuwa Tarzan na Maureen O'Sullivan alikuwa Jane. Safari hii kampuni haikuja Afrika. Ilichukua mabaki ya kanda za Trader Horn, ikayaonyesha nyuma ya wachezaji waliosimama ndani ya jumba huko California. Katika picha hiyo Wazungu wanatembea mbele na kuwaonyeshana Waafrika kwa kidole, na Waafrika wenyewe ni mwanga tu juu ya kitambaa. Watu wale walipigwa picha mwaka 1929 kwa ajili ya hadithi nyingine, wakarudi makwao wakalime, wasijue kwamba vivuli vyao vimeajiriwa tena pasipo wao kuulizwa. Hata neno ambalo Tarzan hulitumia kuwaamuru wanyama, "umgawa," si la Kiswahili wala la kabila lolote la hapa, bali lilitungwa na watu wa sinema. Hata hivyo watoto wa dunia nzima walilisema kwa miaka mingi, wakidhani wanasema Kiafrika.

Pengine mtu atauliza kama Waafrika waliokubali kuingia katika picha za namna hiyo walikosa akili. La, haifai kuhukumu upesi. Mwaka 1935 ilitoka Uingereza picha iitwayo Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda. Hadithi yake imewekwa Nigeria, nayo yamsifu ofisa Mwingereza anayetawala watu weusi kama baba atawalavyo watoto wadogo. Mchezaji mkubwa ndani yake alikuwa Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye elimu kubwa na sauti ya ajabu. Baadaye Robeson aliikana picha hiyo hadharani, maana haikutoka kama alivyotumaini. Na miongoni mwa wale waliosimama nyuma katika mavazi ya wazee wa kabila alikuwamo Mkenya mmoja aliyekuwa akiishi London wakati huo, naye ni Jomo Kenyatta. Mtu huyo aliyewekwa pembeni ya picha kama pambo ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kenya mwaka 1963, na Rais wake wa kwanza mwaka 1964. Basi usimdharau mtu kwa sababu ya pahali aliposimamishwa na mpiga picha.

Huku nyumbani nako sinema ilikuwa na milango yake. Katika Kenya ya ukoloni sheria ya 1912 iliipa serikali uwezo wa kukagua picha, na baadaye wakaguzi waliamua kwamba picha fulani zaweza kutazamwa na Wazungu na Wahindi, lakini zisionyeshwe kwa Waafrika. Waliogopa kwamba Mwafrika akiona Wazungu wakiiba, wakilewa au wakibusiana, heshima ya watawala itapungua. Kwa Waafrika zilitengenezwa picha za mafundisho. Kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York, Meja L. A. Notcutt na wenzake walikuwa na kituo huko Vugiri, Tanganyika, wakitengeneza picha fupi kuhusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba, na kuzipeleka kwa gari katika vijiji vya nchi mbalimbali. Mambo hayo yalikuwa na manufaa yake. Lakini mtu mzima akipewa uji kila siku, na nyama akionyeshwa kwa dirishani, hawezi kusema ameheshimiwa.

Wala Marekani yenyewe haikuwa bora. Hattie McDaniel alipopata tuzo ya Academy tarehe 29 Februari 1940, kwa kazi yake katika Gone with the Wind, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Usiku huo alikaa kwenye meza iliyotengwa, mbali na wachezaji wenzake weupe, ndipo akaitwa mbele kupokea sifa zake.

Hata hivyo ingekuwa makosa kuzitupa picha zote za wakati ule. Miongoni mwake ziko zilizogusa mambo ya watu kwa ukweli, na mojawapo ni Imitation of Life ya mwaka 1934, iliyoongozwa na John Stahl kutoka katika kitabu cha Fannie Hurst. Yasimulia wanawake wawili wajane, mmoja mweupe na mmoja mweusi, kila mmoja na binti yake. Mwanamke mweusi, Delilah, aliyechezwa na Louise Beavers, anajua kuoka chapati tamu kwa ujuzi uliotoka kwa bibi yake. Yule mweupe anaufanya ujuzi huo kuwa biashara kubwa, anatajirika, kisha anampa mwenye ujuzi sehemu ya ishirini katika kila mia. Mtazamaji wa Lucky Summer, ambaye labda jirani yake huamka saa kumi za usiku kukanda unga wa chapati za kuuza penye viwanda, hahitaji mfasiri kumweleza hesabu hiyo.

Lakini moyo wa picha hiyo uko kwa binti, Peola, aliyechezwa na Fredi Washington. Ngozi yake ni nyeupe, na watu wakimwona hudhani ni Mzungu. Anaona jinsi milango inavyowafungukia wengine na kumfungia mama yake, naye anachagua kumkana mama. Siku moja mama anamkuta akifanya kazi katika hoteli, anamwita mwanawe, na binti anajibu mbele ya watu kwamba hamjui mwanamke huyo. Mama anarudi nyumbani na jeraha ambalo halikupona. Anapokufa, Peola anakuja mbio, anaanguka juu ya jeneza na kulia, lakini aliyelazwa humo hasikii tena.

Katika mitaa ya Nairobi jambo hilo halitegemei rangi. Wako vijana ambao mama akitoka shambani amebeba kuku na ndizi, humpokea stegini upesiupesi na kumpitisha njia ya nyuma, wenzao wasimwone. Wako wanaobadili jina, wanaoficha kwao, wanaosema "huyo ni mtu wa kwetu tu" badala ya kusema "huyo ni mama." Hawakufanywa hivyo na ubaya wa moyo peke yake. Dunia imewaonyesha kwamba mtu fulani ni mtu na mwingine ni pambo la nyuma, nao hawataki kusimama nyuma. Aliyemlaza Peola juu ya jeneza ni dunia ile, na sinema ilikuwa mojawapo ya waalimu wake. Hapo ndipo ilipo hatari, na ndipo ilipo dawa pia, maana chombo kilekile kilichomfundisha mtu kumwonea haya mama yake, kilimwonyesha pia mwisho wa haya hiyo.

Basi shauri lenyewe ni jinsi ya kutazama. Mzazi wa Lucky Summer aliye na simu mkononi aweza kuwaonyesha watoto wake picha hizo za kale akikaa nao, wala asiwaache peke yao. Mtoto akiuliza, "Baba, mbona yule mweusi hasemi?" asimnyamazishe. Swali hilo lina thamani kuliko picha yenyewe. Na ajibiwe kwa maswali mengine: ni nani aliyeandika maneno ya mchezo huu? Ulipigwa wapi kwa kweli? Nani alilipwa, na nani alipunjwa? Ni nani anayekufa ili mwingine aendelee na safari? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatapotezwa na picha yoyote, iwe ya 1931 au ya jana.

Na zaidi ya kutazama, iko kazi ya kutengeneza. Mwaka 2018 picha ya Kenya iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ilionyeshwa kwenye tamasha la Berlin. Yasimulia msichana mgonjwa apendaye sana picha za mashujaa, na kijiji kizima kinachoungana kumtengenezea picha yake mwenyewe, akiwamo mwonyesha sinema ambaye huwafasiria wanakijiji michezo ya ng'ambo. Humo msimulizi wa kibanda, aliyezoea kusema juu ya picha za watu wengine, ameingia ndani ya picha yake. Msichana yule hakupewa bunduki ya mtu kubeba. Hadithi ni yake tangu mwanzo hata mwisho.

Mutia Omoolu alikwenda mbali kuliko watu wengi wa siku zake, lakini alikwenda akiwa amebeba hadithi ya mtu mwingine. Haifai alaumiwe kwa hilo, maana hakuna aliyempa nyingine. Vijana wa sasa hawana udhuru huo. Kamera imo mifukoni mwao, lugha wanayo, na wasikilizaji wako tayari kuanzia Ruaraka hata Kisangani. Kabla ya kuanza, na wamtazame kwanza yule aliyetangulia, wasikilize Kiswahili chake katika ukanda ule wa kale, wapate kumjua kwa jina.